Sehemu ya Pili ya Filamu ya Bangili

Maskati

Mjomba Saidi, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako cha kamba, redio inaongea peke yake na wewe umesinzia, maana hiyo ndiyo hali yako njema ninayoifahamu mimi. Goti linaendeleaje? Somoe aliniambia unalipaka mafuta ya nyonyo kila asubuhi na nyumba nzima inanuka. Endelea kulipaka, waache walalamike. Mkazamjomba Bi Fatu naye hajambo? Na mikorosho kule shamba imeshika maua, au upepo umeyapukutisha kama msimu uliopita?

Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kilibanwa na boksi la vigae, kucha ikang'oka, sasa inaota nyingine, mbaya kama gome la mwembe. Usimwambie Mama.

Najua utashangaa kupata karatasi zama hizi, ambapo huko Mtwara hata muuza ming'oko ya kuchemsha pale Chikongola analipwa kwa simu. Nina sababu zangu. Simu yako ni ile ya tochi, haina nafasi ya maneno mengi. Na nikipiga kwa Somoe, dada yangu yule unamjua, anaweka sauti kubwa, majirani wanasogea, hata aliyekuja kuazima chumvi anakaa. Ninayotaka kusema leo ni ya kwako peke yako. Anayekuletea ni Bakari wa Mikindani, dereva wa hapa kazini anayekuja likizo. Amebeba na boksi la tende. Ndani ya tende kuna flashi ndogo nyeusi, nimeifunga kwenye nailoni. Angalia usiitafune.

Kwanza habari za huku. Bado niko kwenye lile ghala la vigae. Tunapakia, tunapakua, tunafagia vumbi, kesho yake vumbi limerudi. Joto limeanza mapema. Mchana ukishika chuma bila glovu ngozi inabaki pale. Tumehamishwa nyumba, sasa nalala chumba kimoja na kijana wa Bangladeshi, mpole sana akiwa macho, lakini akilala anakoroma mpaka vikombe vinalia kabatini. Likizo yangu imesogezwa mbele. Msimamizi anasema hajapata mtu wa kushika nafasi yangu. Nilikuwa nimeshamwambia Mama kwamba Idi nitakuwa nyumbani, na nilipomwambia si hivyo tena, alisema tu, "Haya, mwanangu," akaanza kuniuliza kama nakula mboga. Hilo liliniuma kuliko kucha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Somoe kaniambia huendi tena kahawani pale kona ya msikiti. Ukisali magharibi unapita moja kwa moja nyumbani, na mtu akikuita unasema goti. Kaniambia vijana walikuja kukuomba siku ya Idi uwatafsirie filamu kwenye uwanja wa Shangani, wana ile mashine ya kurusha picha ukutani, wewe ukawajibu huna sauti. Wewe, Mjomba, huna sauti? Sauti yako ilikuwa inasikika mpaka kwa muuza vitumbua wa barabara ya pili, na alikuwa anajua filamu zote bila kulipa kiingilio! Nikajua hapa si goti wala si koo. Nikambana Somoe mpaka akasema.

Kumbe ni lile grupu la simu. Najua unalisikia tu, acha nikueleze lilivyo. Alilianzisha Fadhili, mtoto wa yule fundi baiskeli, siku hizi yuko Dar. Humo tumo wote tuliokulia kwenye kibanda chako cha video, kila mmoja na alikotupwa na riziki. Kazi yetu ni moja. Mtu anaeleza filamu aliyoiona kwako, na wengine tunaisaka mtandaoni mpaka tupate jina lake hasa. Maana wewe hukutupa majina yao, ulikuwa unabatiza mwenyewe. Mmoja anaandika, "Ile ya kiziwi aliyewafukuza majambazi kwa ngazi," basi watu wanakesha. Ile tuliipata, ni ya Hong Kong, na yule jamaa wala si kiziwi. Wewe ulimfanya kiziwi kwa sababu spika ilikuwa mbovu siku ile na hukusikia anasema nini. Tulicheka mpaka machozi, na hakuna aliyekulaumu.

Ndipo Fadhili akaleta ile ya Bangili. Akauliza, jamani, sehemu ya pili iko wapi? Kila mtu akakumbuka kwamba uliahidi sehemu ya pili inakuja na basi kutoka Dar. Tuliisubiri, Mjomba. Mimi mwenyewe nilikuwa nakwenda stendi kuangalia mizigo ikishushwa. Basi wakaanza kuisaka, na kila mtu anaeleza hadithi kivyake, na filamu haionekani. Sehemu ya kwanza haipo, ya pili haipo. Mmoja akaandika kwamba mtafsiri alitupiga fiksi. Mwingine akasema filamu ile uliiota. Mwingine, turudishiwe kiingilio. Halafu akatokea mmoja akasema, kama aliongopa ile, basi aliongopa zote. Na Somoe, ambaye mdomo wake haujui kulala na neno, akakusomea yote ukiwa unakula.

Najua wanatania. Wewe pia unajua wanatania. Lakini mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kuaminiwa, utani wa namna hiyo humkaa kooni. Nilikasirika sana. Niliandika maneno makali, nikayafuta, maana Fadhili ni rafiki yangu na nia yake haikuwa mbaya. Nikaamua nitaisaka filamu mwenyewe, niiweke mbele yao, wanyamaze, na wewe urudi kahawani. Hilo tu ndilo nililotaka.

Hapa ghalani kuna mzee mmoja, anaitwa Anwari, Mhindi, ndiye mtunza stoo. Ni mkali kwa watu wote, isipokuwa kwa filamu za zamani. Saa ya mapumziko ya mchana tunakaa nyuma ya ghala kwenye kivuli, tunacheza mchezo. Mmoja anaeleza filamu bila kutaja jina wala mchezaji, wengine wanakisia. Wakipata, aliyeeleza anachemsha chai. Wasipopata, wanachemsha wao. Ila kuna sharti: kama hata wewe mwenyewe hujui jina, chai unachemsha wewe. Basi Mjomba, mimi nimechemshia chai bara Asia lote. Jina la filamu silijui, najua uliloliita wewe. Kuna siku nilieleza kwamba jambazi akapanda lori la korosho akakimbilia Masasi. Anwari akauliza Masasi ni nchi gani. Nikamwambia ni mji, uko kwetu. Akanitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Akauliza jambazi wa Bombay alifikaje kwetu. Nikamweleza kuhusu wewe, jinsi ulivyokaa pembeni ya televisheni na maikrofoni yako, unasema maneno ya watu wote, mwanamke kwa sauti nyembamba, polisi kwa sauti ya puani. Akasema, "Wewe hukutazama filamu. Ulimtazama mjomba wako."

Siku nyingine nikamweleza Bangili, kama ulivyotueleza. Kuna mwanamke, Mwanahawa, mumewe amesafiri kununua vitambaa. Kaka yake ni mtu wa mchezo, anarusha tiara juu ya paa. Mwanahawa ana bangili nyekundu za kioo. Siku moja anakuja mtu na baiskeli, wanaongea mlangoni. Mwanahawa anakaa chini kwenye jiwe la kufulia, anazivunja bangili moja moja. Wewe ukasema zimembana, amenenepa, anazivunja ili mumewe akirudi alete kubwa zaidi. Wanawake wakacheka. Halafu mama mkwe anamtoa nje na kijifurushi chake, wewe ukasema anampa ruhusa akatembee kwao. Anabeba chungu cha shaba kichwani, anafika mtoni, anaingia. Maji ya magoti, ya kiuno. Chungu kinaelea. Na hapo ukasema maneno ambayo ninayo mpaka leo: "Huyoo, anavuka Ruvuma! Maji ya kiangazi haya, hayamfikii kifuani. Ng'ambo kaka yake keshapika. Chungu amekiachia, kwa kaka yake vyungu vipo!"

Kisha kioo kikawa cheusi, nawe ukatangaza mwisho wa sehemu ya kwanza.

Anwari akatikisa kichwa, filamu hiyo haijui. Nikachemsha chai. Lakini ikawa inamkereketa, maana yeye hakubali kwamba ipo filamu ya kwao asiyoijua. Kesho yake akaniita stoo. Akasema nifute kila nilichosikia, nimwambie nilichoona kwa macho tu, kama mtu aliyezibwa masikio. Nikafumba macho. Nikamwambia tiara juu ya paa. Mtu wa baiskeli, anavua kofia kabla ya kusema. Bangili nyekundu kwenye jiwe. Mlango unafungwa. Mto. Chungu kinazunguka kwenye maji.

Alikuwa anatafuna karanga, akaacha. Akasema ipo moja kama hiyo, lakini haiwezi kuwa yenyewe, kwa sababu hiyo aijuayo haina wekundu. Ni ya zamani mno, nyeusi na nyeupe tupu. Nikamwapia kwamba bangili zilikuwa nyekundu, nyekundu kama pilipili iliyoiva, nimeziona. Tukabishana, akanifukuza stoo.

Nililala na jambo hilo. Mpaka nikakumbuka kwamba katika filamu ile sikumbuki rangi nyingine yoyote. Sikumbuki nguo zake zilikuwa na rangi gani. Sikumbuki rangi ya tiara. Ni bangili tu. Wekundu ule uliutia wewe kwa mdomo, Mjomba, na mimi nimeubeba kama nimeuona.

Ijumaa, siku yetu ya kupumzika, Anwari akanialika chumbani kwake. Aliitafuta kwenye kompyuta ya mpwa wake, akaipata. Jina lake refu, ulimi wangu umeshindwa kulishika, limo kwenye flashi. Tukakaa kitandani, yeye ananitafsiria polepole kwa kile Kiarabu chetu cha ghalani. Ikaanza tiara juu ya paa, nikapiga kofi kwa furaha. Nikasema nimewapata, Fadhili na wenzake leo watanyamaza.

Halafu akaja mtu wa baiskeli, akavua kofia, na Anwari akaniambia anasema nini. Alikuwa anamwambia yule mwanamke kwamba mumewe amekufa.

Anwari akanieleza kwamba kwao, kwa desturi ya wanawake wale, mume akifa bangili huvunjwa. Mama mkwe hakumpa ruhusa ya kutembea, alimfukuza. Na mtoni, Mjomba, wewe unajua, hakuwa anavuka. Na filamu haikuishia pale ulipotuambia. Imebaki sehemu ndogo, fupi tu. Kaka yake anakuja ukingoni na taa, anaita, anaokota kile chungu. Mwisho. Sehemu ya pili haipo, haikuwahi kuwepo.

Anwari aliniuliza ilikuwaje mtu mzima, tena watu ukumbi mzima, wamuone mwanamke anaingia mtoni vile wasielewe. Nikamwambia kwetu mto ni wa kuvuka. Nikamwambia bibi yangu mzaa mama alizaliwa ng'ambo, Msumbiji, akavuka kwa miguu wakati wa kiangazi na furushi kichwani, na kila nyumba pale mtaani kwetu ina wa huku na wa kule. Kwetu ukimuona mtu anaingia mtoni na mzigo, unauliza tu anakwenda kwa nani. Wewe ukatujibu kabla hatujauliza. Nani angekubishia?

Nilirudi chumbani kwangu nimechoka kama niliyepakia kontena. Na huko ndiko nikaanza kuikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili mchana. Nilikuwa darasa la tatu, na Mama alikuwa ametoka eda ya Baba muda si mrefu. Hakuwa anakula. Alikuwa anapika, anatupakulia, yeye anakaa mlangoni. Ukaja nyumbani ukagombana naye kwa upole, ukasema umeweka onyesho la akina mama, la kwanza pale kibandani, na dada yako asipokuja utaonekanaje. Akaja. Akakaa mbele kabisa kwenye jamvi, mimi ubavuni kwake.

Na nikakumbuka jambo lingine. Desturi yako ilikuwa kuitazama kanda asubuhi peke yako, mlango umefungwa, ndipo mchana unatafsiri ukijua wapi pa kucheka. Siku ile basi lilichelewa. Ulikuja na kanda ingali kwenye gazeti lake, ukaitia kwenye mashine mbele yetu. Hukuwa umeiona. Ulikuwa unakutana nayo pamoja na sisi.

Mtu wa baiskeli alipovua kofia, wewe ulinyamaza. Hukuwahi kunyamaza hata siku moja, hata kwenye nyimbo ulikuwa unaongea. Siku ile ulinyamaza mpaka watu wakadhani maikrofoni imekufa, na mtu nyuma akapiga mluzi. Nilikuona unamtazama Mama. Mimi mtoto nilidhani unamtazama kwa sababu ni dada yako, basi. Ndipo sauti ikarudi, na bangili zikawa zimembana.

Kumbe ulikuwa unaivusha filamu nzima peke yako, neno kwa neno, hujui mbele kuna nini. Na kesho yake asubuhi kanda ikapanda basi kurudi Dar, hukuionyesha tena. Ulikubali watu waulize sehemu ya pili miaka na miaka, ukawa unawajibu inakuja, inakuja, mpaka leo wanakuita mwongo, na bado hukufungua mdomo kujitetea. Mjomba, nimelia. Nakwambia wazi, nililia mpaka yule wa Bangladeshi akaacha kukoroma akaniuliza kama nyumbani kuna msiba.

Basi nikawa na filamu mkononi na nisijue la kufanya nayo. Nikiandika jina lake kwenye grupu, wataitazama siku hiyo hiyo. Wataona mwisho wake, watasema kweli alituongopea, na utani utaongezeka. Na itafika kwa Mama, kwa maana Somoe ataiweka kwenye simu yake waitazame wote jikoni. Nisipoandika, wewe utabaki umejifungia ndani na mafuta yako ya nyonyo.

Nikampigia Mama. Nilichagua saa ambayo Somoe yuko kazini, Mama ana ile simu ndogo. Nikazunguka sana, nikauliza mihogo, nikauliza paka. Mwishowe nikamuuliza kama mtu asiyejali, je, anaikumbuka ile filamu ya bangili.

Akasema, "Yusufu, mimi nilikuwa na macho. Nilimuona yule mtu anavua kofia. Kwani mtu huvua kofia kuleta habari ya bangili kubana?"

Akaendelea taratibu, kama anayechambua mchele. Akasema siku zile alikuwa na mawazo mabaya, alikuwa akitoka jioni anakwenda ufukweni Shangani, watu wanadhani anapunga upepo, naye hakuwa anapunga upepo. Akasema alipomuona yule mwanamke anaingia majini alijua anakwenda wapi, alijua kuliko mtu yeyote mle ndani. Halafu akasikia sauti yako inasema ng'ambo kaka yake keshapika. Akasema ilikuwa inatetemeka. Watu hawakusikia, lakini yeye amekulia nyumba moja na wewe, anaijua ikitetemeka. Tulipotoka pale hakwenda nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwako. Na kweli Bi Fatu alikuwa amepika. Ugali wa muhogo na kisamvu. Akala. Mimi nakumbuka kisamvu kile, sikujua ni cha nini.

Nikamuuliza kwa nini hakukuambia miaka yote hii. Akasema anaona haya. Utamwambiaje kaka yako jambo kama hilo, na yeye amehangaika vile ili lisisemwe? Nikamwambia basi, sasa anakaa ndani kwa sababu ya utani wa vijana. Hilo Mama hakulijua, Somoe walau hapo alibana mdomo. Halafu akasema nikuandikie, kwa sababu yeye uso kwa uso hawezi.

"Mwambie nilivuka," akasema. "Mwandikie hivyo tu, ataelewa."

Ndiyo nimekuandikia.

Kwenye grupu sijaandika chochote, si jina wala neno. Filamu iko kwenye flashi, na flashi iko mkononi mwako, wewe ndiye mwenye kibanda. Ukiitupa chooni, sitauliza. Ukitaka ioneshwe Idi, Fadhili atakuwa likizo Mtwara, ile mashine ya ukutani waliyo nayo vijana ni yake. Mimi maoni yangu ni haya, kama utanivumilia. Shika maikrofoni. Izime sauti ya filamu uwatafsirie kama zamani, na uikate pale pale ulipoikata. Wakidai sehemu ya pili, waambie bado inakuja. Wewe si mwongo, Mjomba. Mimi nimeiona filamu yao na nimeiona yako, na ya kwako ndiyo iliyotulea.

Nisisahau. Juzi kwenye mchezo wetu nilieleza Bangili tena mbele ya wenzetu, kwa maneno yako, na sasa jina lake nalijua. Hakuna aliyelipata. Anwari anaijua, lakini alikaa kimya kabisa anatazama viatu vyake. Wakachemsha chai wao, mara ya kwanza tangu nifike nchi hii. Baadaye Anwari akaniita pembeni akataka nirudie yale maneno ya vyungu. Nikamrudia. Akaniambia mwisho huo ni mzuri kuliko wa kwao, na kwa mtu wa namna yake kusema hivyo ni kama kutoa jino.

Nisalimie Mkazamjomba Bi Fatu, na tende zile ni zake, wewe sukari yako nimeisikia. Nisalimie Somoe, mwambie namsamehe, lakini simu aishushe sauti. Msalimie babu mlinzi wa msikiti, na fundi baiskeli baba yake Fadhili, mwambie mwanawe hana ubaya. Na wale wa ng'ambo, binamu zako, wakija mnadani wape salamu za kijana wa Maskati.

Mama sina haja ya kumsalimia kwa karatasi, kesho nitampigia. Ila ameniachia ujumbe mwingine, karibu niusahau. Amesema siku ya Idi, kama utatafsiri, awekewe jamvi mbele kabisa, pale pale alipokaa siku ile.

Mpwa wako uliyemfundisha kutazama,

Yusufu